Faini ya Pombe ya Ndizi

Ndizi haziivi kwa amri ya mtu. Hukatwa zikiwa zimekomaa lakini bado mbichi, huvundikwa, husubiriwa. Zikishaiva humenywa, hukamuliwa pamoja na nyasi mpaka maji yake yatoke, maji hayo huchanganywa na nafaka, hufunikwa, kisha huachwa yachachuke kwa muda wake yenyewe, si kwa muda wa mwenye kiu. Mwandishi mwenye haraka angeimaliza kazi hii yote kwa sentensi moja: akatengeneza pombe, akaipeleka ukweni. Aniceti Kitereza hana haraka hiyo. Katika riwaya yake ya juzuu mbili, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, mume ametozwa faini ya pombe ya ndizi ili arudishiwe mkewe, na msomaji anatozwa pamoja naye. Anakaa ndani ya kazi hiyo, hatua kwa hatua, huku moyo wa Myombekere ukitaka kuruka kwenda kule aliko Bugonoka na miguu yake ikizuiwa na mkungu ambao bado ni wa kijani. Nimesoma riwaya nyingi za mapenzi ambamo wapendanao wametenganishwa na bahari, na vita, na dini, na baba mkatili. Hawa wametenganishwa na ndizi mbichi, nami sijaona kizuizi chenye ukweli kuliko hicho.

Chanzo cha faini ni maneno. Mimba za Bugonoka zimeharibika, na nyumba imebaki bila mtoto. Ndugu za mume wanaanza kumsema, wanamdhihaki, wanamshauri ndugu yao amwache aoe mwingine atakayezaa. Wazazi wa Bugonoka hawavumilii binti yao kufanywa hivyo, wanamrudisha kwao. Myombekere anakataa kumwacha, anafunga safari kumfuata, na huko ukweni anakutana na hukumu. Tazama hukumu hiyo ilivyokaa. Kosa lilitendwa na vinywa, na fidia yake inakwenda vinywani. Aliyetukana si Myombekere, lakini anayelipa ni yeye, kwa kuwa mume aliyeshindwa kufunga midomo ya ndugu zake ameshiriki tusi hata kama hakulitamka. Tena hawezi kulipa akiwa amejifungia. Kazi ya pombe ni kubwa kuliko mikono miwili. Inataka majirani, inataka vyombo, inataka wa kubeba mitungi njiani. Kwa hiyo faini inamlazimisha mdaiwa aende kwa watu, na kila anapoomba mkono wa mtu anakiri, bila hotuba yoyote, kwamba nyumba yake imepasuka. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema ufa unazibwa kwa nini. Kitereza anajibu kwa kurasa nyingi: unazibwa kwa kazi inayohitaji watu wengi kuliko wale waliousababisha.

Sitaficha kwamba zipo kurasa zinazochosha. Mtu akiingia uani, anasalimiwa, anajibu, anaulizwa habari za atokako, anakaribishwa kuketi, anaulizwa tena, ndipo jambo lililomleta linapoanza kujongea, nalo linajongea kwa upole. Akitoka hapo akaingia ua wa pili, mwandishi hatuambii kwamba alisalimiwa kama ilivyo kawaida. Anasalimiwa upya, na sisi tumesimama pembeni. Kwa msomaji aliyezoea hadithi zinazoanza na maiti na kuishia na polisi, huu ni mtihani. Ila tunayo methali ya kutuongoza hapa: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Msomaji wa kitabu kirefu ni mgeni wa namna hiyo. Mwanzoni anakirimiwa ugeni wenyewe: majina asiyoyazoea, ziwa, mitumbwi, vyakula, namna ya kumwita mkwe bila kumvunjia heshima. Kisha ukarimu unakwisha, yaliyokuwa mageni yanakuwa ya kila siku, na hapo ndipo wengi hukifunga kitabu wakasema kimepoa. Kumbe ndipo jembe linapokabidhiwa. Ukilipokea, unagundua jambo la ajabu: mtu fulani anapita katika ukurasa bila kusalimia sawasawa, nawe unaudhika kabla mwandishi hajakuambia kwamba kuna utovu wa adabu. Hakuna aliyekufundisha somo hilo. Umelilima mwenyewe kwa kurasa zile zile ulizotaka kuziruka.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwa nini kitabu hiki nakiita cha historia, ingawa wapo watakaouliza: historia gani hiyo isiyo na mwaka? Tunaingizwa Ukerewe, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ziwa Viktoria, katika nyakati za kabla ya Wazungu kuingia na bendera zao, lakini hatupewi tarehe ya kukariri. Sisi tuliosoma historia darasani tulifundishwa kuitambua kwa namba zake: 1884 Berlin, 1905 Maji Maji, 1961 Uhuru. Hata riwaya zetu zilizo bora zimeegemea nguzo za namna hiyo. Adam Shafi, katika Kuli, anawaongoza wachukuzi wa bandari ya Unguja kuelekea mgomo wa 1948, na kila anachokula mhusika wake Rashidi kinaonekana kwa mwanga wa siku hiyo inayokuja. Tolstoy, katika Vita na Amani, alitumia kurasa nyingi mno kukana kwamba Napoleon ndiye aliyeisukuma historia ya 1812. Lakini ili amkane ilimbidi kwanza amlete jukwaani na farasi wake, na majeshi yake, na mafua yake. Kitereza hakuhitaji kumkana mtu. Mtawala wa Ukerewe yupo, heshima yake inajulikana, ila si yeye anayeisogeza hadithi. Wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi: methali hii ni ya huruma, lakini inazikumbuka nyasi siku ya vita tu. Katika kitabu hiki nyasi zinaandikwa siku ambayo tembo wako mbali, zinavyoota, zinavyokauka, zinavyolala upepo ukipita na kuinuka tena.

Nadhani tofauti iko hapa. Historia ya darasani huhesabu mivunjiko. Dola imeanguka, mkataba umesainiwa, mji umechomwa, mfalme ameuawa na nduguye. Kila mvunjiko unapewa mwaka, na kati ya mwaka na mwaka panaachwa weupe. Lakini watu waliishi katika weupe huo. Humo ndimo walimogombana na wakwe zao wakapatana, walimouguliana, walimojenga nyumba ikabomoka wakaijenga tena. Kuvunjika hutokea kwa siku moja, ndiyo maana ni rahisi kukuandikia tarehe. Kuunga hakuna siku. Ni vigumu kusema Bugonoka alirudi lini kwa Myombekere: ni siku alipoondoka kwao, au siku pombe iliponywewa, au siku ile ambayo hakuna jirani aliyekumbuka tena kumtazama kwa jicho la pembeni? Kwa kuwa hakuna tarehe ya kuunga, ni lazima kusimuliwe kwa urefu wake, na kwa sababu hiyo sioni tena kwamba kitabu hiki kingeweza kufupishwa. Wapo waliosema kwamba kinaelekea zaidi kuwa hazina ya mila za Wakerewe kuliko riwaya. Kweli, mwandishi alitaka mila hizo zisipotee, na anaziweka mbele yetu kwa uaminifu wa karani. Ila mpangilio wake unasema zaidi ya orodha. Kila mila inaletwa pale mtu anapoihitaji ili aweze kukaa tena na mwenzake.

Jambo moja linanipa tahadhari, nalo ni utamu wa zamani. Ni rahisi kukisoma kitabu hiki ukiwa kwenye foleni ya mjini, huku watu wakikukanyaga bila hata pole, ukatamani kuhamia ndani yake. Usihamie haraka. Humo mwanamke hupimwa kwa tumbo lake. Mimba ikiharibika, macho yote humgeukia yeye. Bugonoka anachukuliwa na mume, anachukuliwa na wazazi, anarejeshwa kwa mume, na katika kila safari wanaume ndio wanaokaa kikao. Mapenzi ya Myombekere ni ya kweli na ya kishujaa kwa namna yake, maana kukataa kumwacha mke asiyezaa mbele ya ukoo mzima kunahitaji moyo kuliko kumkabili mnyama porini; lakini hata mapenzi hayo yalibidi yapimwe kwa mitungi kabla ya kuaminiwa. Na maradhi yapo, na vifo vipo, na dawa ya mganga haina muujiza wa papo hapo: ina miiko, ina kungoja, ina hofu ya kwamba safari hii pia itakuwa bure. Kitereza haoni aibu kuyaweka haya yote hadharani. Ndiyo maana mila katika kitabu chake hazisimami kama sanamu. Watu wananung'unika juu yake, wanabembelezana, wanatafuta upenyo, wanakumbushana alivyofanya babu fulani katika jambo kama hili. Ukiwasikiliza vizuri utaona kwamba mila haikuwa kitu walichonacho mkononi; ilikuwa ugomvi ambao kila mara ilibidi waumalize bila kuuana.

Tena jalada lenyewe linatufundisha namna ya kusoma. Ndugu wanamdhihaki Bugonoka, wazazi wanamchukua, dawa zinachemshwa, sisi tunashika pumzi: atapata mtoto au hatapata? Kumbe jibu tumekuwa nalo tangu dukani. Ntulanalwo na Bulihwali, mwana na binti, wamesimama kwenye jina la kitabu pamoja na wazazi wao. Mwandishi ameitoa siri yake kwa hiari kabla ya neno la kwanza, kitendo ambacho mwalimu yeyote wa utunzi angekipigia mstari mwekundu. Lakini akiisha kutunyima wasiwasi wa kama watoto watakuja, anatuachia swali gumu zaidi: wazazi waliishi vipi kabla hawajaja, wakati wao hawakuwa na jalada la kusoma? Walilima vipi? Walicheka na nini? Walilalaje usiku ule baada ya mimba nyingine kutoka? Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, husemwa kwa wepesi na waliozaa. Katika nyumba ya Myombekere na Bugonoka kulea mimba ni kazi, na ni kazi inayofanywa na kijiji kizima, wengine kwa dawa, wengine kwa ulimi, na wachache kwa kunyamaza panapostahili.

Kitereza alijua alichokuwa akikisema. Alizaliwa 1896, akasomeshwa na mapadri wa White Fathers, akawa katekista na mfasiri, mtu wa vitabu katika kisiwa ambacho masimulizi yake yaliishi vinywani. Alioa mke mmoja, na watoto wote waliowapata walifariki wangali wadogo. Hakumwacha mkewe. Mtu akiyajua hayo, mkono wake unakuwa mwepesi kuandika kwamba Myombekere ni Kitereza. Mimi nauzuia mkono huo. Kumgeuza mtunzi kuwa mhusika wake ni kumnyang'anya kazi yake, kana kwamba alichofanya ni kulia tu karatasini. Mtu anayelia haelezi kwa utulivu namna ya kukamua ndizi. Ninachokiona ni kwamba aliijua saa ya kungoja kutoka ndani, akajua kwamba haifanani na saa nyingine, akaamua kuipa kurasa inazostahili. Kisha akafanya lile ambalo riwaya inaweza na maisha hayakumpa: akawaacha watoto wa nyumba ile wakue, waoe na waolewe, wawakosee wengine, wasamehewe, wawazike wazazi wao waliozeeka. Sijui kama hiyo ni faraja. Najua kwamba hakuandika kisasi dhidi ya waliowasema wasiozaa, ingawa kisasi kingekuwa na wasomaji wengi.

Na kitabu chenyewe kilingojeshwa. Aliumaliza mswada kwa Kikerewe 1945, mwaka ambao magazeti ya dunia yalikuwa na jambo moja tu la kuandika. Wakati miji mizima ya mbali ikihesabu majivu yake, mtu mmoja kisiwani alikuwa ameandika jinsi mume anavyoomba radhi kwa wakwe. Nani angekichapa? Lugha yake ilikuwa na wasemaji wa kisiwa na pwani zake, na wachapishaji hutazama ukubwa wa soko kabla ya ukubwa wa moyo. Hatimaye alikaa mwenyewe akakifasiri kwa Kiswahili, juzuu zote mbili, mtunzi akiwa mfasiri wa mtunzi, na Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam ikakitoa 1980. Miaka 35 ilipita kati ya nukta ya mwisho na jalada. Mwaka uliofuata, 1981, Kitereza akafariki. Baadaye Wilhelm Möhlig akakipeleka kwenye Kijerumani, kikaingia pia Kifaransa, na Gabriel Ruhumbika, mwandishi mwenzake na mzaliwa wa Ukerewe, akakitafsiri kwa Kiingereza, tafsiri iliyotoka 2002. Subira huvuta heri, tunasema, na ni kweli. Ila methali hiyo haimtaji anayekufa njiani kabla heri haijafika.

Huwa najiuliza Kiswahili chetu kilifanya nini katika safari hiyo. Kilikuwa mlango, bila shaka. Bila Kiswahili nisingemjua Bugonoka. Lakini mlango una upana wake, na kila apitaye huacha kitu nje. Ukisoma kwa sikio unausikia mwendo wa Kikerewe ukitembea ndani ya Kiswahili cha Kitereza: sentensi zinazojizungusha kabla ya kutua, heshima zinazohesabu kila ngazi ya ujamaa, subira ya msemaji ambaye hakuwahi kukatizwa. Kiswahili hicho si cha Unguja wala cha Mombasa, wala si cha redio, na si kibovu kwa sababu hiyo. Ni lugha kubwa iliyokubali kusimulia kwa pumzi ya lugha ndogo. Tunapenda kusema Kiswahili kilituunganisha, na tunalisema kwa maana ya siasa, kwamba kilitufanya taifa. Mfano wa Kitereza unaonyesha kuunga kwa namna nyingine, kugumu zaidi: lugha inayonyamaza kidogo ili nyingine isikike ndani yake. Ingekuwa tumeufuata mfano huo kwa bidii, tungekuwa leo na riwaya ndefu kama hii kutoka kila pembe ya ziwa, kutoka milimani na nyikani, kila moja ikipita katika mlango ule ule na kuupanua kidogo kwa mabega yake. Badala yake mara nyingi tuliwataka waandishi wasio wa pwani wafiche walikotoka kabla ya kuwakaribisha ndani.

Sisi nasi tunakoseana. Siku hizi mtu hutoa faini yake kwa simu. Fedha hufika kabla hasira haijapoa, na ujumbe wa kuthibitisha huja na salio. Sidharau wepesi huo, maana umeokoa wagonjwa na kulipa ada za watoto, na Myombekere mwenyewe, akiwa na usiku wake mrefu wa kungoja, angeupokea kwa mikono miwili. Ila ninatambua kilichokosekana. Fedha iliyotumwa haikupita kwa jirani yeyote. Hakuna aliyeazima mtungi, hakuna aliyeacha shamba lake kuja kukamua, hakuna aliyekunywa akashuhudia. Na kwa kuwa hakuna aliyeshuhudia, ugomvi ukifufuka hakuna wa kusema, ninyi si tulikunywa na ninyi? Pengine tumepata njia zetu za kushuhudia ambazo bado hazijapata mwandishi wake: vikao vya harusi, michango ya msiba, mama wa mtaa anayejua nani hasemi na nani na anayewakalisha jikoni pamoja kwa makusudi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mtu atakayeandika haya kwa urefu unaotakiwa, bila kuona haya kwa kuwa hayana rais wala risasi, atakuwa ameandika riwaya ya kihistoria ya zama zetu, na atachosha watu, na baadhi yao watamshukuru.

Tangu nisome kitabu hiki sizisomi historia kama zamani. Nikifungua historia ya nchi yoyote, Urusi au Unguja, swali langu la kwanza haliwi tena nani alitawala na lini alipinduliwa. Nataka kujua watu hao walipokoseana waliitana vipi tena: nani alitembea kwenda kwa nani, alibeba nini mkononi, na waliketi muda gani kabla ya kulitaja jambo lenyewe. Kitabu kisicho na jibu la swali hilo kinaweza kuwa sahihi katika kila tarehe yake, na bado kikawa hakijaanza kuwasimulia watu.